Uliza kalamu kwanza, kioo baadaye

Karibu kila wiki napokea picha ya kishikwambi kikiwa juu ya kaunta ya duka, na chini yake swali: "Dada, hiki kinafaa kuchorea?" Anayeuliza amesimama Kariakoo, pesa anazo mkononi, muuzaji anamharakisha. Nami humrudishia swali: kinatumia kalamu gani? Mara nyingi hajui, na muuzaji naye hajui, ilhali hapo ndipo penye jibu. Ukubwa wa kioo unauona kwa macho. Kamera unaijaribu palepale. Uwezo wa kalamu ndio uliojificha, na mchoro wako wote utapita humo.

Mimi nililipia somo hili. Tableti yangu ya kwanza, yaani ubao wa kuchorea unaounganishwa na kompyuta, niliinunua mkononi kwa mtu, haina kalamu, akaniambia kalamu yoyote itakubali. Nilijaribu tatu za kuazima, hakuna iliyokubali hata moja. Kila toleo la tableti limetengenezwa kuelewana na kalamu zake, na hata kampuni ileile inaweza kuwa na kalamu za toleo moja zisizofanya kazi kwenye toleo jingine. Nilikaa miezi mitatu na ubao mweusi usio na faida mpaka kalamu yake ikapatikana, na bei niliyoilipa kwa kalamu peke yake ingetosha kununua tableti ndogo mpya iliyo kamili. Kwa hiyo mdogo wangu, tableti isiyo na kalamu usiiguse, hata kama ni ya bei ya kutupa.

Sasa tuzungumze kalamu zenyewe, maana humu ndimo watu wengi wanamopotea.

Ipo kalamu yenye ncha ya mpira, au yenye kisahani chembamba cha plastiki mbele. Inauzwa kila kona na ni rahisi. Kioo cha simu kinahisi kidole kwa sababu mwili wako unapitisha umeme. Kalamu hii kazi yake ni kurefusha kidole tu. Ukandamize au uguse kwa upole, kioo hakioni tofauti. Kiganja chako kikitua juu ya kioo, nacho kinachora. Baada ya sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu, na tangu hapo nimeulizwa na walimu wasiopungua watano kama wanaweza kununua kalamu ya kuchorea juu yake. Kuandika maneno machache, kuzungushia jibu, kuonyesha kitu darasani, sawa. Kuchora uso wa mtu wenye kivuli chepesi kwenye shavu na kizito chini ya kidevu, hapana, kwa sababu kinachokosekana hakimo kwenye kalamu peke yake. Chini ya kioo lazima kuwe na tabaka la kuisoma.

Tabaka hilo, kwenye tableti za Wacom na kwenye vishikwambi vya Samsung Galaxy Tab S vinavyokuja na kalamu ya S Pen, ni wavu wa nyaya nyembamba unaotoa mawimbi hafifu ya sumaku. Ndani ya kalamu kuna koili ndogo. Inapokaribia, inavuna nishati kutoka kwenye mawimbi hayo na kujibu, na unapokandamiza ncha, jibu linabadilika. Ndiyo maana kalamu ya namna hii inachora bila kuchajiwa, na ndiyo maana kishale kinaanza kutembea kabla ncha haijagusa kioo. Hiki ni kipimo chako cha bure ukiwa dukani: sogeza ncha karibu na kioo bila kugusa. Kishale au nukta ikikufuata, kalamu na kifaa vinaongea.

Zipo pia kalamu zenye betri ndani, kama Apple Pencil. Ni nzuri sana, lakini hapa pana mtego ambao umewaliza watu ninaowajua. Apple Pencil ziko nne: ya kwanza ya 2015, ya pili ya 2018, yenye USB-C ya 2023, na Pro ya 2024. Ile ya USB-C ndiyo yenye bei nafuu kuliko zote, na haihisi mkandamizo kabisa, yaani nguvu unayoisukumia ncha. Inahisi kulala kwa kalamu, inakataa kiganja, inafaa kuandikia notisi, lakini mstari wake una unene mmoja hata ukandamize vipi. Isitoshe, si kila iPad inakubali kila kalamu. iPad ya kizazi cha 9 inatumia ile ya kwanza tu. Ya kizazi cha 10 inatumia ya kwanza kwa kiunganishi, au ya USB-C. iPad Air na Pro zilizotoka 2024 haziitaki ile ya 2018. Angalia namba ya modeli kwenye mipangilio kabla hujatoa pesa. Usitegemee rangi ya boksi wala maneno ya mdomo. Kalamu za kuiga zinazouzwa kwa bei ya chini mara nyingi zina kasoro ileile ya kukosa mkandamizo.

Kwenye boksi utaona namba kubwa: ngazi 4,096 za mkandamizo, 8,192, sasa hata 16,384. Usilipie ziada kwa sababu ya namba hizo. Nimechorea kalamu za 2,048 na za 8,192, na mkono wangu hauoni tofauti. Ninachokijali ni mguso mwepesi: kalamu inaanza kutoa wino ukigusa kwa uzito gani? Kalamu nzuri inaitika kwa gramu chache tu, na hapo ndipo nywele, kope na mikunjo ya nguo zinapozaliwa. Kalamu mbaya inakulazimisha ukandamize ndipo iamke, na jioni vidole vinauma.

Kama una kompyuta, hata ya zamani, ushauri wangu ni uanze na tableti isiyo na kioo, ule ubao unaochorea chini huku ukiangalia skrini mbele yako. Wacom wa Japani, kampuni ya tangu 1983, wanazo. Huion, XP-Pen na Gaomon wanazo pia kwa bei ya chini zaidi, na kwa mwanafunzi zinatosha kabisa. Najua utaona ni ajabu kuchora bila kuangalia mkono. Siku tatu za kwanza mistari yako itakuwa kama ya mtoto wa chekechea, na wengi wanauza tableti siku ya nne. Vumilia wiki mbili. Usikimbilie kuchora picha kamili. Jaza kurasa kwa duara, mistari ya kuunganisha nukta mbili, herufi za jina lako. Mkono utazoea, kisha utagundua shingo haikuumi kwa sababu huinami, na hilo utalishukuru ukishaanza kukaa kazini kwa muda wa saa nane.

Kabla hujaanza hayo mazoezi, kuna jambo dogo ambalo karibu hakuna anayeambiwa. Tableti ndogo ina eneo la inchi 6 kwa 4 hivi, wakati skrini nyingi za kompyuta ni 16 kwa 9. Maumbo hayo hayalingani. Ukichora duara zuri kwa mkono, kwenye skrini linatoka limelala kama yai, nawe utajilaumu bure kwamba huna kipaji. Fungua draiva ya tableti, yaani programu inayoiongoza kwenye kompyuta, tafuta sehemu ya eneo la kazi, uipunguze iwe na uwiano wa skrini yako: kwa inchi 6 za upana, urefu uwe kama inchi 3.4. Duara litarudi kuwa duara. Ukiwa kwenye draiva, hakikisha umeondoa ya tableti ya zamani kama ipo, kwa sababu draiva mbili zikikutana mkandamizo hupotea na utadhani kalamu imekufa.

Ukubwa? Kwa laptopu ya inchi 14 au 15, ndogo inatosha. Kwa skrini kubwa ya mezani chukua ya kati, yenye inchi 10 kwa 6, ili mkono utembee kutoka begani badala ya kifundo.

Asiye na kompyuta naye hajaachwa. Tableti nyingi za sasa zinaunganishwa na simu ya Android kwa kichwa cha OTG, kile kidude cha kuchomekea waya wa USB kwenye simu, ukaweka programu ya kuchorea ya ibisPaint ukachora. Kumbuka tu kwamba simu ikisimama wima, sehemu inayofanya kazi kwenye tableti inakuwa ukanda mwembamba. Pia hakikisha kwenye maelezo ya modeli kwamba Android imetajwa. Matoleo ya zamani hayaikubali.

Tableti yenye kioo inayochomekwa kwenye kompyuta nitaipitia haraka. Ni tamu kuchorea, lakini inataka kompyuta, mara nyingi inataka umeme wake, inataka meza, na nyaya zake ni nyingi. Umeme ukikatika, laptopu itabaki na chaji lakini kioo cha namna hiyo kitazimika. Nilinunua yangu baada ya kazi za wateja kuilipia. Wewe unayeanza, iache kwanza.

Kishikwambi kinachojitegemea kinakuja hapa kama una bajeti na unataka kuchorea popote, kwenye daladala, hospitali ukisubiri zamu, ufukweni. Galaxy Tab S6 Lite ni mlango mzuri kwa sababu S Pen imo ndani ya boksi. Kwa upande wa iPad kuna programu ya kuchorea ya Procreate, ambayo unainunua mara moja bila malipo ya kila mwezi, na haipatikani kwenye Android. Kwenye kompyuta kuna Krita, ya bure kabisa na si ya majaribio. Nimeitumia kwa kazi za kulipwa. Kidokezo kwa tunaokaa pwani: joto hili linafanya kiganja kishikane na kioo. Glovu ya vidole viwili inasaidia, na soksi nyepesi kuukuu iliyokatwa inafanya kazi ileile.

Ila kabla ya kuchagua kishikwambi, jiulize unachora nini, kwa sababu memori inategemea kazi. Ukurasa wa A4 wa kuchapwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2,480 kwa 3,508, na leya moja (tabaka moja la mchoro) iliyojaa inakula kama MB 35. Hapo kifaa cha RAM ya GB 4 kinamudu leya za kutosha. Mimi nachora khanga. Khanga ya sentimita 150 kwa 110, hata kwa ubora wa 150 tu, inafika pikseli 8,860 kwa 6,500, na leya moja inakaribia MB 230. Leya kumi, kishikwambi kinakwama au programu inakukatalia kuongeza. Nilichojifunza ni kufuata umbile la khanga yenyewe. Pindo linajirudia pande zote, na mji, ile sehemu ya katikati, mara nyingi una ulinganifu, kwa hiyo nachora robo moja kwa uangalifu wote, pembe moja ya pindo na robo ya mji, kisha naigeuza kulia na chini kwenye kompyuta. Jina, yaani yale maneno ya khanga, naliweka mwisho kabisa, kama maandishi ya vekta, ili herufi zisififie zikikuzwa. Kifaa cha kawaida kimenitosha kwa njia hiyo, nami nisingegundua kama ningekuwa na mashine kubwa.

Siku utakayokwenda kununua, hasa kitu kilichotumika, beba rula. Weka rula ya plastiki kwenye kioo au ubao, chora mstari wa mshazari polepole sana, pole kuliko unavyochora kawaida. Mstari ukijikunja kama nyoka wakati rula imenyooka, hicho kifaa kitakusumbua kila siku, wala hakuna mpangilio utakaokitibu. Chora mistari mingine hadi kwenye pembe zote nne, kwa sababu pembeni ndiko kalamu hupotea njia. Chora mstari mmoja ukianza kwa kugusa kama unyoya na kumalizia kwa nguvu. Unene ukirukaruka badala ya kupanda, ncha au kihisio kimechoka. Vuta ncha uitazame: ikiwa imelika upande mmoja hadi ina makali, itakwangua kioo. Kisha chomeka waya na uutikise kidogo. Chaji ikikatika na kurudi, tundu limelegea, na gharama ya fundi itolewe kwenye bei kabla hujalipa.

Muulize na ncha za akiba. Mpya huja nazo kadhaa, pamoja na kikoleo kidogo cha kung'olea, na mara nyingi vimefichwa chini ya karatasi ya boksi au ndani ya kishikio cha kalamu. Kagua kote huko mbele ya muuzaji kabla hujaondoka.