Usiwaahidi saa ya kufika: Mtwara hadi Mwanza kwa ndege ya mwaka 1958

Siku tatu kabla hatujaondoka Mtwara, mjomba alimpigia simu mdogo wake aliyeko Mwanza. Nilikuwa nimekaa pembeni nikisikia. "Nakupa uwakili," alimwambia. "Ijumaa nikiwa sijafika, mwozeshe wewe. Msinisubiri." Harusi yenyewe ilikuwa ya binti yake wa kwanza, na yeye ndiye walii, yaani msimamizi wa kumwozesha. Alikata simu, akakaa kimya kidogo, kisha akainuka kwenda kupima oili.

Siku ile niliona kama amekata tamaa mapema. Leo, kila mtu anayeniuliza ajiandae vipi kusafiri mbali kwa ndege ndogo ya zamani, naanza na simu ile, kabla ya mafuta na kabla ya ramani.

Ndege ya mjomba ni Cessna 172 iliyotengenezwa 1958. Ina viti vinne, injini ya pistoni ya silinda sita yenye nguvu za farasi 145, na ndani ni nyembamba kiasi kwamba ukikaa mbele bega lako linagusana na la rubani. Mjomba ni fundi wa ndege mstaafu, ana leseni ya urubani, na ndege hiyo anaimiliki pamoja na wenzake wawili. Mimi si rubani. Nilichukuliwa kushika ramani, kuandika muda na kuangalia nje. Kwetu Wamakonde mjomba akisema twende, unakwenda. Lakini nilikwenda pia kwa sababu namwamini.

Safari ni kama kilomita 1,400 kwa mstari wa angani ukipita Dar es Salaam, Dodoma na Tabora. Kwa mwendo wa noti 100 hivi, yaani kama kilomita 185 kwa saa, ni saa nane za kuwa hewani. Ukisikia saa nane unadhani ni safari ya siku moja. Sisi ilituchukua siku nne, na mkaza mjomba aliyetangulia kwa basi alifika zamani.

Sababu ni hii. Ndege kama ile haina rada ya hali ya hewa, haina nguvu ya kupanda ikapita juu ya mawingu makubwa, na mjomba haruki usiku. Kila asubuhi lazima ukubali kwamba huenda leo hamwendi popote. Sasa mweke rubani anayejua kuna watu mia tatu chini ya turubai, sufuria za pilau ziko jikoni, na sheikh ameshafika, wote wakimsubiri yeye. Wingu lile lile ambalo siku ya kawaida angeligeuzia mgongo, siku hiyo ataliona jepesi. Ndiyo maana nasema: kabla ya kuondoka, waambie wenyeji wako siku mnayotarajia, msiwape saa. Kama kuna jukumu linalokungoja huko, mpe mtu mwingine mapema. Ukifika ukalikuta bado lipo, alhamdulillah.

Jambo la pili ni uzito. Mama alileta korosho zilizobanguliwa, kilo 20, na wifi yangu akaleta vitenge vya zawadi kwenye begi kubwa. Mjomba alitoa mzani wa bafuni akapima kila kitu, sisi wenyewe tukiwemo. Ndege ile inaruhusiwa kuruka na jumla ya kilo 998, ndege yenyewe ikiwemo. Matanki yakijaa, mafuta peke yake ni kama kilo 100. Viti vinne havina maana ya watu wazima wanne, mizigo yao na matanki yaliyojaa. Kitu kimoja lazima kipungue. Korosho zilibaki kilo 6, begi likaenda kwa basi. Mama alinuna, na sikuona njia ya kumbembeleza isipokuwa kumwonyesha zile hesabu kwenye karatasi.

Kuhusu mafuta, mtu asikwambie tu kwamba kiwanja fulani kina mafuta. Uliza ni mafuta gani. Ndege kubwa zinazotua Mtwara zinatumia mafuta ya jeti, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Injini ya pistoni inataka Avgas, yale ya rangi ya buluu, na hayapatikani kila mahali. Mjomba alipiga simu wiki mbili kabla, akatanguliza mapipa kwa lori Dodoma na Mwanza. Injini ile inakunywa kama lita 30 kwa saa. Tulikuwa tukihesabu safari, tukiongeza dakika 45 za akiba, na ile akiba hatukuihesabu kamwe kama mafuta ya kutumia. Kila asubuhi alichota kidogo chini ya tanki kwenye chupa ya kioo kuangalia kama maji yamejitenga chini. Pwani yetu ina unyevu. Tanki likilala nusu tupu, asubuhi linaweza kuwa na maji.

Tuliondoka Jumatano saa mbili asubuhi. Mikindani ikapita, Sudi ikapita, kisha ghuba ya Lindi na majahazi yakionekana kama punje. Upepo wa kusi ulikuwa nyuma yetu, tukafika Dar es Salaam kwa chini ya saa mbili.

Katikati ya njia, kabla ya Rufiji, niliona mshale wa mizunguko ya injini unashuka taratibu. Hakuna aliyegusa kitu. Nikamwonyesha mjomba kwa kidole. Akavuta kitufe cha hewa ya moto ya kabureta, injini ikakohoa mara mbili tatu, moyo wangu nao ukakohoa, kisha mshale ukapanda tena. Barafu ilikuwa imejitengeneza ndani ya kabureta, asubuhi yenye joto la nyuzi ishirini na kitu, juu ya pwani ya Tanzania! Hewa yenye unyevu ikipita kwenye kabureta hupoa sana, na maji yaliyomo huganda. Ukiwa abiria wa mbele, muulize rubani akuonyeshe mishale mitatu au minne ya kuangalia. Macho yako ni msaada kwake.

Halafu delta ya Rufiji. Mikoko haina mwisho, na maji yanagawanyika kama mishipa ya mkono. Mjomba aliniambia humo ndimo Wajerumani walikoificha meli yao ya vita Königsberg, hadi Waingereza walipoleta ndege ndogo kuitafuta, na hatimaye ikazamishwa Julai 1915. Fikiria: meli nzima ya vita ilijificha ndani ya mikoko ile. Je, ndege yenye urefu wa mita nane?

Hapo naomba unisikilize vizuri. Ndege nyingi za zamani zina kifaa cha kutoa ishara ya dharura kinachotumia masafa ya zamani ya megahezi 121.5. Setilaiti ziliacha kuyasikiliza masafa hayo tangu Februari 2009. Kifaa kinachosikika na setilaiti leo ni cha masafa ya 406. Kama mwenye ndege hajabadilisha, msihi abadilishe, na ikibidi mchangie pesa. Na kwa kipande kile cha baharini vaeni maboya mkiwa bado mko chini. Kuyaweka nyuma ya kiti hakusaidii. Msiyajaze hewa ndani ya ndege, kwa sababu mtu aliyefura hatoki mlangoni.

Alhamisi ndiyo siku niliyomwelewa mjomba. Tulitoka Dar es Salaam tukiifuata reli kuelekea Morogoro. Kusi ile iliyotusukuma jana ilikuwa imebeba unyevu wa bahari na kuurundika kwenye Uluguru, milima inayopita mita 2,600. Mawingu yalikaa chini, na kati yake na vilima palibaki mwanya mweupe. Ungeweza kusema mwanya ule unatosha. Mimi nilitamani mjomba aseme unatosha. Kesho yake ilikuwa harusi. Mjomba aliutazama labda kwa sekunde kumi, akasema "Hapana," akageuza. Hakusubiri tuingie ndani ndipo aamue, na hakujieleza. Tulilala Dar es Salaam usiku wa pili.

Nilimuuliza baadaye kama haikumuuma. Akasema, "Mwanangu, harusi nilishaitoa mkononi Jumapili. Leo nilikuwa natazama mawingu tu."

Ijumaa mawingu yaliinuka, tukaondoka saa nne. Siku hiyo nilifanya kosa ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike makala hii.

Nimesema wenyeji wasipewe saa. Lakini lazima awepo mtu mmoja chini, mmoja tu, mwenye saa kamili ya kuanza kuulizia na namba ya simu ya kupiga. Kwetu alikuwa mama, Mtwara, na daftari lake. Mpango wa safari unaopelekwa kwa waongoza ndege nao unafanya kazi hiyo. Ndege ikipitisha dakika 30 baada ya muda wa kufika bila taarifa, wanaanza kuitafuta. Ila mtu wa nyumbani anajua mambo ambayo karatasi haijui.

Nilisoma karatasi ya mjomba, nikaona muda wa kufika Dodoma umeandikwa 0905. Nikamwandikia mama: tunatua saa tisa na dakika tano. Tulipotua nikampigia. "Mbona mmewahi hivyo?" akauliza. Nikatazama saa yangu. Ilikuwa saa sita na dakika kumi mchana.

Karatasi za ndege huandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa zetu rasmi kwa saa tatu. Saa 0905 ya karatasi ni 12:05 kwenye simu, na kwa Kiswahili ni saa sita na dakika tano. Mimi niliisoma kama ninavyosoma saa nyumbani. Kama tungeanguka porini saa tano asubuhi, mama angekaa kwa amani hadi saa tisa na nusu alasiri ndipo aanze kupiga simu. Saa tatu nzima za mwanga zingepotea, na jioni si mbali na hapo. Tangu siku ile kila muda ninaompa naandika mara mbili: saa ya karatasi, na pembeni yake saa ya Kiswahili pamoja na neno asubuhi, mchana au alasiri. Fanya hivyo hata kama unajiona unajua.

Dodoma tulijaza mafuta kutoka kwenye pipa letu. Kiwanja kiko karibu futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Ndege iliyoruka kwa wepesi Mtwara ilikimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Mjomba alikuwa ameshapiga hesabu, mimi ndiye niliyeshtuka. Angani nilishtuka tena kwa baridi. Juu ya futi 8,000 hata Julai ya jua kali inataka sweta, na mlango wa ndege ya 1958 unapitisha upepo. Beba sweta, kofia, na kikoi cha kufunika miguu. Maji kunywa kidogo kidogo, na uende haja kila mnapotua hata kama husikii. Mkilaza ndege nje, ile mirija midogo ya kupima kasi ifunikwe, kwa sababu nyigu wa udongo anaweza kujenga ndani yake.

Tabora tulifika baada ya saa tisa alasiri. Mwanza ilikuwa mbele yetu kwa saa moja na nusu, na jua bado lilikuwepo. Lakini tulikuwa tumekubaliana Mtwara: vipande viwili kwa siku, na baada ya saa kumi haturuki. Mjomba akazima injini, akafunga mabawa kwa kamba, kisha simu ikalia.

Walikuwa watu wa harusini Mwanza, wakamweka kwenye spika. Tulisimama wawili chini ya bawa, simu iko mkononi mwake, tukasikia khutba, kisha sauti ya mdogo wake ikimwozesha binti, na bwana harusi akijibu, "Nimekubali." Vigelegele vikapasua kile kispika kidogo. Mjomba aliinua mikono kuomba dua, na mikono ilikuwa na oili. Hakulia. Mimi nililia.

Jumamosi saa nne asubuhi tulitua Mwanza, na jioni alicheza kwenye sherehe hadi mkaza mjomba akamwomba akae.

Kurudi, kusi ikawa usoni. Kipande cha Dar es Salaam hadi Mtwara tulichokwenda kwa chini ya saa mbili sasa kilitaka karibu saa mbili na dakika arobaini na tano, na upepo ulitutikisa njia nzima. Mafuta yalitosha kabisa; mikono ya mjomba ndiyo iliyokuwa imechoka, ana miaka 67. Tukatua Kilwa Masoko kupumzika. Hapo hakuna mnara wa kuongozea ndege kukuona umefika, kwa hiyo kabla ya kushusha hata chupa ya maji alitoa taarifa kwa waongoza ndege, na mimi nikampigia mama.

"Tuko Kilwa, mama, tunapumzika. Tutatua Mtwara saa nane na nusu."

Nikasikia karatasi ikifunuliwa.

"Saa nane na nusu ya kwetu," akauliza, "au ya ndege?"