Barua kwa mwanangu anayetaka kubuni mavazi

Moshi

Mama yangu,

Ujumbe wako tumeupata, mama yako akausoma kwa sauti huku mimi nikipiga pasi. Umeuliza: "Baba, mtu akitaka kuwa mbunifu wa mavazi anahitaji ujuzi gani? Na mimi ambaye hata kuchora sijui, nianzie wapi?" Ningekupigia, lakini unajua kwenye simu mama yako huwa haniachii zamu. Acha niandike.

Nianze na kuchora, maana naona ndiko hofu yako ilipo. Mchoro kazi yake ni kumwelewesha fundi. Ukiweza kuchora mtu amesimama wima, ukaonyesha mshono unapita wapi, zipu iko mgongoni au ubavuni, na mfuko una kina gani, inatosha. Zile picha za wasichana wenye miguu isiyoisha zinapendeza ukutani, ila hakuna fundi atakayekata nguo kwa kuziangalia. Programu za kompyuta kama Illustrator utazijua ukizihitaji. Kwa hayo wewe ni mwepesi kuliko mimi.

Kazi yenyewe iko kwenye kukata. Chukua sketi ya duara, ile wasichana wanayoipenda kwa sendofu. Mteja ana kiuno cha inchi 28. Gawanya kwa 6.28 (mara mbili ya pai), unapata kama inchi 4 na nusu: hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiunoni. Akitaka urefu wa inchi 28, nusu duara mbili zitakula karibu yadi 4, na kitenge chake ni yadi 6. Kwa hiyo kabla hujamuahidi mikono mipana na kilemba, ujue umebakiwa na yadi 2 tu. Halafu tazama maua ya kitenge: kwenye duara yatasimama mbele, yatalala ubavuni, na nyuma yanaweza kupinduka. Mbunifu huyaona hayo kitambaa kikiwa bado kizima. Na pale ambapo duara limekatwa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi, nguo hurefuka yenyewe ikining'inia. Itundike usiku kucha ndipo ukunje pindo, la sivyo mteja atarudi nayo ikiwa imeshuka upande.

Kanga nayo ina adabu yake: pindo, mji (ile sehemu ya katikati), na jina (ule msemo). Ukikata bila kufikiri, jina linaangukia kwenye makalio, linakatwa katikati, na msemo wa heshima unageuka tusi. Nimeona watu wakitembea nalo mjini bila habari.

Baada ya kitambaa, miili. Mtu anayebunia mwili mmoja mwembamba bado hajaanza. Sare za kwaya ya usharika ndizo zitakazokufundisha: gauni moja, waimbaji 40, na kila mmoja ana kifua chake. Usidhani kukuza kipimo ni kuongeza inchi pembeni tu. Mtu akinenepa, kifua na kiuno hupanuka haraka, mabega hayaendi kwa kasi hiyo; ukiongeza sawasawa kila mahali, nguo ya mama mnene itamwanguka begani. Pima mwenyewe, uangalie pia anavyosimama. Kuna wenye bega moja limeshuka na hawajui. Usiwaambie, rekebisha kimyakimya.

Mwalimu wa bei nafuu yupo soko la Memorial hapa Moshi, kwenye mitumba. Nunua koti la suti lililochanika, lifumue lote kwa wembe, vipande uvipange mezani, kila kimoja ukichore kwenye karatasi. Utagundua kwamba kichwa cha mkono ni kirefu kuliko kwapa kinaposhonewa, na ile ziada hukusanywa kidogo kidogo ili bega lipate mviringo. Utakuta na kitambaa kigumu kilichofichwa ndani ya kola. Kisha kata koti lako kwa marekani, ile pamba ya bei rahisi, upige bandi (ushikize kwa mkono kwa muda), umvalishe mtu, urekebishe. Kitambaa cha mteja kiguse mwisho kabisa.

Sasa hili jingine uliloandika, kwamba umesomea uhasibu na unaona umepoteza miaka. Mustafa Hassanali, mbunifu wa mavazi aliyeanzisha maonyesho ya Swahili Fashion Week Dar es Salaam mwaka 2008, alisomea udaktari. Na kwa maoni yangu uhasibu ndio utakaokulisha. Tuseme kitambaa, bitana, zipu na uzi vimekula elfu 45, na gauni limekuchukua siku 2. Wanaoanza wengi huliuza elfu 60 na kushangilia faida ya elfu 15. Siku 2 zimelipwa na nani? Umeme? Kodi ya fremu? Sampuli uliyoharibu kabla? Wewe ukiona hesabu hiyo utacheka. Wenzako wengi hufunga duka bila kujua kilichowapata.

Shule zipo. VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, wana kozi ya ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha mambo ya nguo kwa ngazi ya shahada. Ungeniuliza mimi, ningechagua VETA kwanza kwa ajili ya mikono. Kazi usiache. Jioni na Jumamosi zinatosha kwa sasa, na mshahara utakununulia cherehani ya maana na mkasi wa kukatia kitambaa tu. Nikisikia umekatia karatasi, tutagombana.

Desemba ukija nyumbani, njoo na yadi kadhaa za marekani. Shangazi yako ana sendofu ya binti yake Januari, na nimeshamwambia gauni lake yeye shangazi utalikata wewe, mimi nitashona. Kifua 44, kiuno 38, nyonga 48, bega la kushoto limeshuka kidogo. Anataka mikono mirefu na anachukia zipu ya mgongoni kwa sababu hawezi kuifunga mwenyewe. Nitumie mchoro, hata ukiwa mbaya, na usimwambie nimekupa vipimo vyake.

Baba yako