CRP ikipanda, je, ni saratani ya utumbo mpana?

Ndugu wa Masasi ameuliza kama kipimo chake cha damu kiitwacho CRP, kilichosoma miligramu 14 kwa lita, ni dalili ya saratani ya utumbo mpana, na kama akirudi kwenye ugali wa muhogo na mbaazi itashuka. Naomba nimjibu kwa kirefu, kwa kuwa mimi mwenyewe nilifanyiwa upasuaji wa saratani hiyo mwaka 2019, nikiwa na miaka 52.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini linapopata taarifa, hasa kupitia kemikali ya kinga iitwayo intaleukini-6, kwamba mahali fulani mwilini kuna mchochota, yaani kinga ya mwili imewaka kupambana na maambukizi au jeraha. Kipimo hakisemi ni wapi. Malaria, jino bovu, kidonda cha mguu, hata kitambi, vyote huipandisha, na huku Kusini malaria bado hatujaagana nayo. Yangu pia ilikuwa juu kidogo, lakini haikunisaidia kitu: kwa miezi minane nilitibiwa bawasiri katika zahanati moja, nami nikaridhika, kwa sababu bawasiri haitishi kama saratani. Kilichofichua ugonjwa ni kipimo cha kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa.

Kuhusu chakula, swali lako lina msingi. Nyuzinyuzi za mbaazi, kunde, mtama na ming'oko hatuzimeng'enyi sisi wenyewe. Zinafika kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butirati, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo na ambayo pia husaidia kuongeza seli T zinazotuliza kinga isiwake ovyo. Panya walionyimwa nyuzinyuzi walionekana bakteria wao wakigeukia ute unaolinda ukuta huo na kuula, jambo linaloufungulia mchochota mlango. Mchochota wa namna hiyo ukidumu miaka mingi, seli zinazogawanyika kila mara kujikarabati hupata nafasi nyingi zaidi za kukosea, na vinyama vidogo vinavyoota utumboni kwa kawaida huchukua takriban miaka kumi au zaidi kabla baadhi yake havijageuka saratani.

Kuna utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2025, uliohusisha wanaume 77, ambao ningependa kila Mtanzania aujue. Waliozoea vyakula vya asili walipopewa vya kizungu kwa wiki mbili tu, alama za mchochota katika damu zilipanda na seli zao za kinga zikadhoofika katika kujibu vimelea. Waliozoea vya mjini walipopewa vya asili, alama nyingi zilishuka. Haukupima saratani, kwa hiyo tusiusemeshe lisilo lake. Kwa upande wa saratani yenyewe, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitamka mwaka 2015 kwamba nyama zilizosindikwa, kama soseji, husababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari kwa takriban asilimia 18 juu ya ile ambayo mtu anayo tayari. Nyama nyekundu waliiweka katika kundi la zinazoelekea kusababisha.

Miaka yangu ya kusafirisha korosho nilikula mishkaki na soseji za njiani karibu kila usiku. Siwezi kuapa kwamba ndizo zilizonifikisha pale; utingo wangu alikula sahani ileile na ni mzima hadi leo.

Kwa hiyo rudi kwenye mbaazi, ni uamuzi mzuri, ila usiifanye CRP kuwa mizani ya kujua kama umepona au unaugua. Ningependa utujibu haya: siku ya kupima ulikuwa na homa au kidonda? Umeona damu chooni, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au unakonda bila sababu? Je, mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliwahi kuugua saratani hii? Ukijibu ndiyo kwa mojawapo ya hayo mawili ya mwisho, omba rufaa ya kamera wiki hii, hata kama CRP itakuwa imeshuka.