Wasomaji Wauliza: Droni za Burudani na Kanuni Zake

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa wapenzi wa droni. Hawataki anga iachwe holela. Wanataka kanuni zinazolingana na hatari halisi ya kidude cha gramu mia chache, na wanauliza wazidai vipi.

Klabu yetu hapa Nakuru hurusha Jumapili kwa burudani tu. Kanuni zinatubana, na baadhi ya wenzetu wanataka twende mahakamani zifutwe zote tuanze upya. Mnashauri nini? (Nakuru)

Kanuni zikifutwa hamtakuwa mmefunguliwa anga. Kenya imeshaliona hilo. Kanuni za kwanza za droni zilichapishwa mwaka 2017, na mwaka 2018 Bunge la Taifa likazibatilisha. Waliodhani wameshinda wakajikuta hawana kanuni ya kuwapa usajili wala kibali, na droni zikabaki marufuku hadi kanuni za 2020 zilipotoka.

Marekani mahakama imejaribiwa mara mbili. Mei 2017, katika kesi ya Taylor dhidi ya Huerta, mahakama ya rufani ya Washington ilisema mamlaka ya anga ya huko, FAA, haikuwa na uwezo wa kuwalazimisha wanaorusha kwa burudani wasajili droni zao. Desemba mwaka huohuo sheria mpya ikaurudisha usajili. Kesi ya pili, ya RaceDayQuads, ilipinga utambulisho wa mbali, yaani droni kutangaza hewani namba yake na mahali ilipo. Mwaka 2022 walalamikaji walishindwa.

Sasa tazameni maoni ya maandishi yalivyofanya kwenye kanuni hiyohiyo. Rasimu ya Desemba 2019 ilitaka droni nyingi ziunganishwe na intaneti zikiwa angani, na ikavipa vilabu miezi 12 tu ya kuomba viwanja vyao vitambuliwe kuwa mahali pa kurushia droni zisizojitangaza. Maoni zaidi ya 50,000 yakaingia. Kanuni ya mwisho, ya Januari 2021, iliondoa sharti la intaneti na ukomo wa miezi 12, na mwenye droni ya kujiundia akaruhusiwa kufunga kifaa kidogo kinachotangaza kwa Wi-Fi au Bluetooth. Anzeni na hati ya maoni. Wakili aje mwisho.

Tukiitwa kutoa maoni tuandike nini? Safari iliyopita tulipeleka sahihi nyingi, hatukusikia kitu. (Eldoret)

Sahihi nyingi chini ya lalamiko fupi hazimsaidii anayeandika kanuni. Yeye ana rasimu mezani na anatafuta maneno ya kuweka mahali pa maneno. Mpeni hayo.

Someni kwanza sehemu ya tafsiri, ile ya mwanzo ambayo wengi huiruka. Maana ya "burudani", "uzito" na "kuiona droni" ikishapindishwa pale, vifungu vyote vinavyofuata vimepinda. Kisha chagueni vifungu vitatu, visizidi. Kwa kila kimoja andikeni namba yake na maneno yake yalivyo, kinamzuia nani kufanya nini, na hatari ambayo kinajaribu kuizuia. Kama hatari ipo, ikubalini. Mtu akijifanya haioni, hati yake haisomwi tena. Malizeni kwa maneno mapya mnayopendekeza, tayari kunakiliwa.

Tuchukue wanaorusha kwa miwani, ile inayomwonyesha mrushaji picha ya kamera ya droni. Msiandike "kanuni inaua mchezo wetu". Andikeni hivi: "Mrushaji aliyevaa miwani ahesabiwe kuwa anaiona droni endapo mtazamaji aliyesimama kando yake anaiona kwa macho yake muda wote, na wanaweza kuzungumza bila kutumia kifaa." Hatari yenyewe, kwamba aliyevaa miwani haoni helikopta inayokuja kutoka ubavuni, imeshajibiwa ndani ya sentensi hiyo.

Kurasa nne zinatosha. Tumeni kwa barua pepe kwa mamlaka ya anga ya Kenya, KCAA, na pelekeni nakala mbili za karatasi: moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mrudi nayo. Ombeni pia taarifa ya athari za kanuni, ambayo Sheria ya mwaka 2013 inayosimamia sheria ndogo inaidai pale ambapo kanuni zitawagharimu wananchi kwa kiasi kikubwa. Humo ndimo mamlaka inapaswa kueleza gharama na njia mbadala ilizozipima. Ikikawia, raia anaweza kuidai kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotoa siku 21 za kujibu.

Wengi hukosea hapa: wanadhani mlango umefungwa kanuni zikishatoka kwenye gazeti rasmi la serikali. Bado zinatakiwa kufikishwa Bungeni ndani ya siku 7 za vikao, na kamati inayochunguza sheria ndogo ina siku 28 za kutoa ripoti. Ikinyamaza, kanuni zinahesabiwa kuwa zimetimiza masharti. Kwa hiyo hati ya kamati iandaliwe pamoja na ile ya mamlaka, isingojee matokeo. Baada ya hapo inabaki Ibara ya 119 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lifikirie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, wakati wowote.

Ninaishi Lang'ata. Kila mahali ninapokwenda jijini naambiwa niko karibu na uwanja wa ndege. Ni haki kweli? (Nairobi)

Bila idhini, kanuni za Kenya zinakuweka umbali wa kilomita 10 kutoka viwanja vya daraja C hadi F (vya ndege kubwa), na kilomita 7 kutoka vile vya A na B (vya ndege ndogo). Duara la kilomita 10 lina ukubwa wa kilomita za mraba 314. Kaunti nzima ya Nairobi ina takriban 696, na ndani yake mna viwanja vya Jomo Kenyatta na Wilson, na kituo cha jeshi la anga cha Eastleigh. Chora mwenyewe kwenye ramani uone kinachobaki.

Hoja yenye nguvu ni kwamba hatari ya ndege haikukaa kama duara. Ndege inayotua kwa kawaida hushuka kwa pembe ya digrii 3. Ikiwa kilomita 5 kutoka mwanzo wa njia ya kurukia iko mita 260 hivi juu ya usawa wa njia hiyo. Kilomita 10, kama mita 520. Itakutana na kimo cha mita 120, ambacho ndicho kikomo cha droni, ikiwa imebakiza kilomita 2.3. Hatari basi imejipanga kwenye mstari wa njia ya kurukia, na pembeni mwa mstari huo inapungua haraka. Ila msikimbie mbali sana na hesabu hii. Ndege ndogo za Wilson huzunguka uwanja nje ya mstari huo, na helikopta haifuati pembe yoyote.

Mifano ya kunakili ipo. Uingereza tangu Machi 2019 hutumia duara la maili za baharini 2 au 2.5 kulingana na urefu wa njia ya kurukia (kama kilomita 3.7 au 4.6), pamoja na ukanda wa kilomita 5 kwa 1 kila mwisho wa njia. Marekani wamegawa eneo la viwanja kwa miraba, kila mraba na kimo chake kuanzia futi 0 hadi 400, na ombi lililo ndani ya kimo hicho hujibiwa kwenye simu kwa sekunde chache. Msiombe kilomita 10 ziondolewe. Ombeni ngazi za kimo: sifuri karibu na uwanja na kwenye ukanda wa kutua, mita 30 nje yake, mita 60 pembezoni.

Kwa Lang'ata, ndugu, tuseme kweli: hakuna kanuni ya haki itakayokufungulia ua wako. Uko jirani mno na Wilson.

Kwa nini nchi nyingi zimeshika gramu 250 kuwa mpaka wa masharti mepesi? Na droni yangu imeandikwa 249, je, niko salama? (Mombasa)

Namba hiyo ilitoka kwenye kikosi kazi kilichoundwa na FAA mwaka 2015. Walichukua nishati ya joule 80 kuwa kiwango ambacho kitu kikimgonga mtu kichwani kina uwezekano wa asilimia 30 wa kumuua, wakakadiria droni ndogo inaanguka kwa mita 25 kwa sekunde. Fanya hesabu: nusu ya kilo 0.25 mara 25 mara 25 ni joule 78. Ni kipimo cha tahadhari, maana kinaichukulia droni kama kitu kigumu, na plastiki inayovunjika hupoteza sehemu ya nishati hiyo.

Kuhusu 249 yako, ipime kama inavyoruka: betri, kadi ya kumbukumbu, propela, stika ya namba, kichujio cha kamera. Mizani ya jikoni ya gramu 1 inatosha. Wengi huvuka wakifunga kinga za propela au betri kubwa. DJI Mini 3 Pro ikivaa betri yake kubwa hufika takriban gramu 290.

Kanuni za Kenya za 2020 zimegawa urushaji kwa hatari, A, B na C, A ikiwa ya hatari ndogo. Mkipendekeza kipimo cha uzito ndani ya A, andikeni "uzito halisi wakati wa kupaa". Mkiacha "uzito wa juu uliotajwa na mtengenezaji", mwenye droni ya kujiundia hana karatasi ya kuonyesha.

Turushapo ukingoni mwa Bonde la Ufa, skrini inasema mita 60. Tuko ndani ya kikomo cha futi 400 (kama mita 120)? (Nyandarua)

Huenda hampo. Skrini hupima kutoka pale ulipopaa. Bonde likiwa mita 300 chini yako, droni iko mita 360 juu ya ardhi iliyo chini yake. Kosa la kipima kimo kinachotumia mgandamizo wa hewa nalo lipo, kama mita 8 hadi 10 kwa kila badiliko la hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo huo), lakini ndani ya betri ya dakika 20 ni dogo. Mteremko ndio unaowaponza watu. Maneno ya Ulaya na Uingereza ni mazuri kuyaomba: mita 120 kutoka sehemu ya ardhi iliyo karibu zaidi na droni. Hapo unaweza kuufuata ukuta wa bonde bila kuvunja kanuni.

Ada ilipwe kwa kila droni au kwa kila mtu? (Thika)

Kwa mtu. Anayeunda droni huwa nazo tano sita, nusu zimevunjika, na hurusha moja kwa wakati mmoja. Marekani mrushaji wa burudani hulipa dola 5 kwa miaka 3 kwa droni zake zote. Uingereza mwaka 2019 walipendekeza pauni 16.50 kwa mwaka, wapenzi wakapinga, ikaanza kwa pauni 9.

Klabu yetu haijawahi kumuumiza mtu. Huo si ushahidi tosha? (Kisumu)

Ni ushahidi ukiwa na saa za kuruka. Pasipo ajali hata moja, gawa 3 kwa idadi ya saa: ndicho kiwango cha juu cha ajali unachoweza kukitetea kwa uhakika wa asilimia 95. Saa 600 safi zinakuruhusu kudai "haizidi ajali moja kwa saa 200", basi. Ndiyo maana vilabu viunganishe madaftari. Kila safari iandikwe tarehe, mahali, dakika, kimo cha juu, uzito na hitilafu, hata ile ya mawasiliano ya rimoti kukatika kwa sekunde mbili. Daftari lisilo na hitilafu hata moja afisa hataliamini, na atakuwa sahihi.