Ujumbe wa WhatsApp na barua ya kupunguzwa kazi

SWALI: Nilikuwa karani wa ghala hapa Tanga. Nilipomweleza msimamizi kwamba nina mimba ya miezi minne, usiku ule akaniandikia WhatsApp kuwa kazi hii haitaki mtu wa hali yangu. Wiki iliyofuata nikapewa barua ya kupunguzwa kazi. Leo ni siku ya 19. Naambiwa ujumbe wa simu si ushahidi. Ni kweli?
Msomaji, Makorora

JIBU: Si kweli, dada. Ila anza na kalenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Umebakiwa na 11. Jaza Fomu Na. 1, mwajiri asaini kupokea nakala, kisha uiwasilishe CMA pamoja na uthibitisho huo. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi, usiiache tupu, na kwenye sababu taja ujauzito waziwazi. Ukichelewa utaomba kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopotea. Kwamba ulikuwa unamsubiri mwajiri abadili mawazo, hilo halitoshi.

Ujumbe unapokewa chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Ubishi huwa ni wa nani aliyeandika, na kama haukuchezewa. Hapa wengi hukwama: wanachapisha picha yenye jina "Bosi" juu, wakati jina hilo wamelihifadhi wenyewe. Onyesha namba yenyewe, tarehe na saa, na mazungumzo ya kabla na baada, hasa yale aliyokupangia zamu kwa namba hiyohiyo. Usifute chochote, usibadilishe simu, na siku ya kusikilizwa njoo nayo. Andaa pia hati ya kiapo inayoeleza ulivyoupata ujumbe, ulivyoutunza na ulivyouchapisha.

Kuambatanisha karatasi kwenye maelezo yako hakuzifanyi kuwa ushahidi. Ukiwa unatoa ushahidi, omba zipokewe kama kielelezo. Mwajiri akiwa na pingamizi atalitoa hapo, na mwamuzi ataamua kabla ya kusomwa. Kisichopokewa hakihesabiki.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa ujauzito. Ukishaonyesha misingi ya awali, yaani dalili za kutosha kuwa ulibaguliwa, mzigo unamhamia mwajiri: yeye ndiye athibitishe kuwa hakubagua. Na kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake, yaani taarifa ya kusudio, kutoa sababu, na mashauriano kabla ya uamuzi. Mtake kwa maandishi alete nyaraka hizo pamoja na vigezo vya kuchagua nani aondoke. Ikiwa nafasi yako imeshajazwa, hoja yake ya kupunguza inatetereka vibaya.

Mwenzako aliyesikia maneno ya msimamizi kwa masikio yake ana thamani, aliyesimuliwa hana. Akiogopa kuja mwenyewe, omba CMA imtolee hati ya wito.

Mwisho, usiseme neno kama shahidi kabla ya kuapishwa, na hakikisha kiapo kimeandikwa kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za shauri. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mienendo ya CMA kwa sababu mashahidi hawakuapishwa, na mashauri hayo yakarudishwa kusikilizwa upya.