Kata tiketi kwanza, kikao baadaye

Wengi wetu tunaofanya kazi Dodoma, nusu ya maisha yetu iko Dar es Salaam. Serikali ilihamia huku, lakini familia nyingi zilibaki Dar. Kwa basi, safari hiyo inakula siku nzima. Tangu treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ianze kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024, ni kama saa nne tu kwenda. Naipanda kwa kazi na kwa matembezi, na ninachomwambia kila anayeniuliza ni kimoja: anza na tiketi, mengine yafuate.

Siti za Ijumaa jioni kwenda Dar na za Jumapili kurudi Dodoma zinaisha mapema. Bunge la bajeti likianza mwezi Aprili ndiyo usiseme. Ukisubiri bosi athibitishe kikao, utabaki na treni ambayo haikufai. Mimi naangalia siti kwanza, ndipo napendekeza saa ya kikao. Kata kwa simu, ya kwenda na ya kurudi papo hapo, na jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Kingine kinachowaponza wageni ni stesheni yenyewe. SGR haiondokei pale mjini kwenye reli ya zamani, iko Mkonze. Kwa treni ya alfajiri, patana na bodaboda au bajaji tangu jana yake, tena uwahi, kwa sababu mizigo inapitishwa kwenye mashine na foleni ya asubuhi ni ndefu. Upande wa Dar mambo ni rahisi, unashukia katikati ya jiji, karibu na Kariakoo. Kama unaelekea Gongo la Mboto au uwanja wa ndege, tafuta treni ya kawaida inayosimama Pugu, utaepuka foleni za mjini. Treni za haraka zinapita vituo vidogo bila kusimama.

Ukienda kutembea, panda ya mchana. Hili nalisisitiza sana, maana watu wanalipa nauli halafu wanapita kwenye kipande kizuri kuliko vyote gizani. Ukitoka Dodoma unaanza na tambarare ya Ugogo, mibuyu na vichaka, ardhi nyekundu kiangazi na kijani kibichi masika. Baada ya Gulwe milima inaanza kukusogelea. Kati ya Kidete na Kilosa weka simu chini. Huko bondeni ndiko reli ya zamani, ile waliyoijenga Wajerumani, inakofuata mto Mkondoa, na mto umeisumbua miaka mingi. Mafuriko ya Desemba 2009 yaliikata kabisa. Reli mpya imepandishwa juu ya madaraja marefu, kisha inaingia kwenye mahandaki. Behewa linakuwa giza ghafla, watoto wanapiga kelele, mara mwanga unarudi na uko upande mwingine wa mlima. Usipange kikao cha video hapo, mtandao unakatika.

Na kama una siku moja tu ya mapumziko, usihangaike na Dar. Shuka Morogoro. Unapanda asubuhi, unakula matunda, unaitazama milima ya Uluguru, au unakwenda Choma, kijiji cha huko milimani, ukapande kidogo kwa miguu. Mtu wa Dodoma aliyezoea ukame ataona tofauti kwenye hewa tu. Stesheni ya Morogoro nayo iko nje kidogo ya mji, kwa hiyo tenga nauli ya bajaji na uiache milima mapema.

Kama unapeleka zabibu za Dodoma kwa wenyeji wako, zipange kwenye boksi gumu lenye matundu na ulipakate. Za mfuko wa plastiki, ukiweka chini ya mizigo ya watu, zinafika Dar zimekuwa juisi.