Ng'ombe wangu wanazaa vizuri au najidanganya?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nafuga ng'ombe 6 wa maziwa huku Goba, nawafugia bandani. Wanne wana mimba sahivi ila mpaka washike mhimilishaji (anayepandisha kwa mbegu za mrija) kaja mara 9 jumla, wawili waliobaki mmoja kazaa miezi 5 iliyopita mwingine 7 na sijawaona joto (dalili za kutaka dume) hata siku moja. Shemeji anasema nisihangaike maana waliozaa wanapishana mwaka na mwezi tu kati ya ndama na ndama. Ni kweli?
Mama Ndama, Goba

JIBU: Mama Ndama, pole na kazi. Shemeji hajakosea hesabu ila anahesabu waliofanikiwa tu, ambaye hajarudia kuzaa hayumo, mtamba wa uzao wa kwanza hayumo, halafu namba yenyewe ni habari za mwaka jana. We chukua daftari andika kila mmoja kazaa lini, uhesabu siku mpaka alipopandishwa akashika, na ambaye bado mhesabie mpaka leo. Mimba ni siku kama 280, kwahiyo kuzaa kila mwaka inabidi ashike ndani ya siku 85 hivi baada ya kuzaa. Hao wawili wako kwenye 150 na 210, hata wakishika leo watapishana siku 430 na 490, na pumba wanakula kama kawaida!

Mara 9 kwa wanne ni 2 na robo kwa mimba moja, imezidi kidogo, ukishuka chini ya 2 uko vizuri. Ila mi naona tatizo lako kubwa ni kutoona joto, linakaa masaa 12 mpaka 18 hivi na kwa jua letu la Dar wengi wanapandiana usiku kijana kalala, na akifungwa peke yake atampanda nani sasa? Waachie pamoja alfajiri na usiku, mtu akae awaangalie kabisa sio anapita na ndoo. Ukiona asubuhi apandishwe jioni, ukiona jioni asubuhi yake.

Hao wawili muite daktari wa mifugo awacheki kizazi. Na hao wanne, umewapimisha au umeona tu hawajarudi joto? Maana joto lenyewe huwa hulioni. Akija awapime kwa mkono, siku 60 zikishapita anajua, akikuta mmoja mtupu hizo 9 unagawa kwa 3.